Sura ya 6: Tone Halisemi Lilikotoka

Rubani anaizunguka Cessna 172 kabla ya kuruka, anainama chini ya tumbo lake, anapitisha kidole, na kidole kinarudi cheusi. Kuna mchirizi wa oili kuanzia pale mfuniko wa injini unapoishia hadi karibu na mkia. Swali lake la kwanza huwa ni: inavuja kiasi gani? Fundi ana swali jingine, tena gumu zaidi: inatoka wapi? Kiasi kinapimwa kwa dipstiki na jibu linapatikana papo hapo. Mahali inapotokea hapana kipimo. Panatafutwa, na utafutaji huo una taratibu zake ambazo fundi mwenye haraka huziruka, kisha akalipa kwa kuifungua injini ileile mara tatu.

Ugumu unaanzia kwenye upepo. Injini nyingi za ndege ndogo, hizi za Lycoming na Continental zenye silinda nne au sita zilizolazwa kushoto na kulia, hupozwa kwa hewa. Hewa inaingia kwa matundu mawili ya mbele, huku na huku ya propela, inajaa juu ya injini, inalazimishwa na vibati maalumu kushuka katikati ya mapezi ya silinda, kisha inatokea chini, upande wa nyuma. Tone lolote linalochuruzika popote katika njia hiyo linabebwa. Linasukumwa nyuma, linasukumwa chini, linatawanywa. Likigonga ukuta wa bati unaotenganisha injini na chumba cha rubani linateremka, linachungulia kwenye ukingo wa mfuniko, halafu mwendo wa ndege unalipaka tumboni. Rubani anachokiona ni kituo cha mwisho cha safari hiyo. Aliyelala chini ya paa la mabati anaelewa: maji yanadondokea kitandani, tundu la msumari liko juu ya mlango.

Ndiyo maana fundi aliyeiva hatazami penye oili nyingi. Anatafuta mahali palipo juu kuliko pote na mbele kuliko pote penye unyevu, hata kama unyevu huo ni kama jasho tu. Chini ya injini kunaweza kuwa na dimbwi. Dimbwi halimwambii kitu. Alama nyembamba juu ya silinda ya mbele, inayong'aa kwa upana wa ukucha, inaweza kumwambia yote.

Na kabla hajagusa tambara, anasoma uchafu. Ndege zinazotua kwenye viwanja vya murram, za mbuga za Tanzania au za kaskazini mwa Kenya, zinarudi karakana na vumbi jekundu ambalo oili huligandisha. Vumbi lililoshikana na kukauka kama ukoko ni la mvujo wa zamani, wa polepole. Oili inayong'aa na iliyojichimbia njia safi katikati ya ukoko huo ni ya juzi au jana. Picha mbili tatu za simu hapo zina thamani kuliko maelezo marefu, kwa sababu hatua inayofuata itafuta ushahidi wote.

Lakini kwanza, je, kweli inavuja? Injini ya pistoni hula oili, na hilo si ugonjwa. Lycoming ina kanuni yake ya hesabu inayoonyesha kiwango cha juu ambacho injini inaruhusiwa kutumia. Kwa injini ya nguvu za farasi 180, hesabu hiyo inatoa zaidi kidogo ya nusu lita kwa kila saa ya kuruka. Injini ikila karibu na kiwango hicho inakaribia kuhitaji matengenezo makubwa, lakini ulaji huo peke yake si mvujo: sehemu kubwa inaungua na kutoka kwa ekzosi. Kwa upande mwingine, kijiko kimoja cha oili kikitandazwa na upepo kinatosha kuchafua tumbo la ndege na kumtia rubani hofu. Macho ni mashahidi wabaya wa kiasi. Kinachohitajika ni daftari: kila oili inapoongezwa, iandikwe pamoja na saa za injini. Kama dipstiki haishuki haraka kuliko zamani na tumbo limechafuka, huo ni mvujo mdogo uliotandazwa. Kama inashuka haraka na tumbo ni safi, usitafute nje. Oili inaondoka kupitia ringi za pistoni au njia za valvu.

Halafu kuna bomba la kupumulia, ambalo limewapotezea mafundi muda mwingi kuliko gasketi zote. Kila silinda inapochoma, gesi kidogo yenye moto hupenya ringi na kuingia kwenye kasha la krankshafti. Lazima itoke, na mlango wake ni bomba hilo, linaloshuka nyuma ya injini na kutokezea chini ya ndege. Inatoka na mvuke wa oili. Mwenye ndege anayejaza oili hadi alama ya juu kabisa, takriban lita 7 na nusu kwa O-320 ya Cessna 172, mara nyingi ataona sehemu ya juu ya oili hiyo ikitapikwa nje kupitia bomba hilo, kisha kiwango kinatulia na kukaa palepale. Yeye anaongeza tena. Injini inatapika tena. Mvujo huo dawa yake ni kuacha kuongeza.

Bomba hilo hilo likiziba, mambo yanageuka kuwa ya hatari. Katika nchi za baridi, unyevu uliomo kwenye gesi huganda kwenye ncha ya bomba na kuliziba. Gesi ikikosa pa kutokea, shinikizo linapanda ndani ya kasha na kutafuta sehemu dhaifu kuliko zote, ambayo huwa ni sili ya mbele ya krankshafti, nyuma tu ya propela. Sili inasukumwa nje ya kikalio chake, oili inafunika kioo cha mbele, na injini inaweza kukauka ikiwa angani. Fundi asiyeuliza kwa nini sili ilitoka ataweka mpya, ataipongeza kazi yake, na siku ya baridi inayofuata hali itajirudia. Kwa sababu hiyo mabomba mengi yametobolewa tundu dogo juu ya ncha, ndani ya mfuniko penye joto, ili ncha ikiganda gesi ipate pa kutokea. Kwetu barafu si tatizo kubwa, lakini nyigu wa udongo wanapenda mirija, na bomba lililobonyezwa na jeki au kukunjwa wakati wa kurudisha mfuniko linatoa matokeo yaleyale.

Ringi zilizochakaa nazo zinaongeza gesi ndani ya kasha, na hapo injini huanza kutoa jasho kila penye kiungo. Hapa ndipo pesa zinapotea. Gasketi sita zinabadilishwa, zote zinalowa tena ndani ya mwezi, na mwenye ndege anaanza kumshuku fundi au spea. Kipimo kinachotakiwa ni cha kuingiza hewa yenye shinikizo la pauni 80 kwa inchi mraba kwenye kila silinda na kusikiliza. Hewa ikisikika kwenye tundu la dipstiki, inapita ringi. Ikisikika kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea moshi; kwenye njia ya kuvuta hewa, ni valvu ya kuingizia. Sikio linafanya kazi ambayo jicho lilishindwa.

Baada ya hayo yote ndipo injini inaoshwa. Nasisitiza mpangilio huu kwa kuwa nimewaona vijana wakikimbilia pampu ya kuoshea mara tu mfuniko unapofunguliwa. Injini ipoe kwanza. Magneto, alteneta na pampu ya vakyumu zifungwe kwa plastiki, kwani kisafishio kikiingia kwenye pampu kavu ya vakyumu kinaweza kuiua, nawe utakuwa umetibu oili na kuleta kasoro kwenye vyombo vya rubani. Wapo wanaooshea petroli ya ndege kwa sababu ipo jirani na haina gharama ya kuonekana. Ina risasi ndani yake na inawaka kwa cheche ndogo. Karakana yenye busara inatumia kisafishio kisichoshika moto kirahisi hivyo. Brashi ndefu, hewa ya kompresa, kisha injini iachwe ikauke kabisa. Isafishwe yote, si upande unaoshukiwa tu. Ukisafisha upande mmoja, oili iliyobaki upande wa pili itahamia na kukupa jawabu la uongo.

Sasa inakuja hatua ninayoipenda, kwa jinsi ilivyo ya bei nafuu. Injini ikiwa kavu, maeneo yanayoshukiwa yanapuliziwa unga mweupe: kemikali ileile nyeupe ya kopo inayotumika kuonyesha nyufa katika chuma, au poda ya kawaida ya miguu ya duka la dawa. Njia ya kuvuta hewa inafunikwa wakati wa kupuliza, kisha inafunuliwa. Injini inawashwa kwa dakika chache tu, inazimwa, na fundi anaingia na tochi na kioo kidogo chenye mpini. Kwenye weupe ule, oili inaandika. Alama inaanza kama nukta nyeusi, inatanuka, kisha inavuta mkia kuelekea chini. Nukta ndiyo chanzo; mkia ni safari. Injini ikiachwa iungurume nusu saa, mikia inaungana, unga unakuwa tope, na umerudi ulikoanzia.

Tahadhari moja ambayo haihusu oili: injini iliyozimwa sasa hivi ina propela inayoweza kuzunguka ghafla kama waya wa magneto umekatika. Anayeingiza kichwa na kioo chake akae nje ya njia ya propela na aichukulie kama imewashwa.

Kuna mivujo isiyojitokeza ardhini. Oili lazima ipate moto, chuma kitanuke, nguvu zifike kiwango cha kupandia, upepo wa angani uvute. Injini ya namna hiyo itakaa kavu na nyeupe mbele yako kwa unyenyekevu mkubwa, na ikiruka inachafua tumbo. Hapo ndege inarushwa mzunguko mmoja wa uwanja na kurudi, mfuniko unafunguliwa bado moto. Au inatumika rangi maalumu iliyoidhinishwa kwa injini za ndege, inayochanganywa na oili kisha kumulikwa kwa taa ya mwanga wa urujuanimno, karakana ikiwa imetiwa giza. Oili inang'aa kijani cha manjano, hata pale ilipo nyembamba kiasi cha kutoonekana mchana. Rangi hiyo ina kasoro yake: inaonyesha oili yote, hata iliyomwagika fundi alipobadilisha filta. Kwa hiyo nayo inadai injini iliyooshwa vizuri.

Nukta zenyewe huwa wapi? Kwenye Lycoming, mahali pa kwanza pa kutazama ni vifuniko vya valvu kwenye vichwa vya silinda. Gasketi zake hukauka na kugandamana, na mkono mzito unaokaza skrubu kupita kiasi unapinda kifuniko na kuuzidisha mvujo. Pili ni mirija inayofunika fito za kusukumia valvu. Hapa kuna jambo ambalo fundi wa Lycoming anayehamia Continental hujifunza kwa taabu. Kwenye Lycoming kemshafti iko juu ya krankshafti, kwa hiyo mirija hiyo inapita juu ya silinda. Sili yake ikichoka, oili inashukia mapezi ya silinda na kuungulia humo. Kwenye Continental kemshafti iko chini, na mirija inapita chini ya silinda, ikifanya pia kazi ya kuirudisha oili kwenye kasha kutoka kichwani. Silinda ya Continental iliyolowa juu na silinda ya Lycoming iliyolowa juu zina magonjwa mawili tofauti. Lycoming ina vibomba vyake vyembamba vya kurudishia oili upande wa chini, vilivyounganishwa kwa vipande vifupi vya mpira na klampu. Mpira unachomwa na joto la ekzosi, unakuwa mgumu na kupasuka. Unagharimu kidogo kuliko chai ya mafundi, na nadhani ndio uliosababisha simu nyingi za usiku kuliko kifaa kingine chochote katika injini hiyo.

Nyuma ya injini ni kwenye msongamano: magneto mbili, pampu ya vakyumu, pampu ya petroli, filta, kiungo cha waya wa kupimia mizunguko, mipira inayokwenda kwenye kipozea oili. Kila kimoja kimekaa juu ya gasketi yake, na vyote vinalowana kwa pamoja kwa sababu vimepangana juu na chini. Mwanafunzi akiona magneto imelowa atasema gasketi ya magneto imekwisha. Nimesikia jibu la mzee wa karakana kwa mwanafunzi kama huyo: "Kijana, juu ya hiyo magneto kuna nini?" Kijana akapandisha tochi. Akanyamaza, akapandisha tena.

Na kuna mshono. Kasha la injini hizi limetengenezwa kwa vipande viwili, kushoto na kulia, vinavyokutana katikati kutoka juu hadi chini. Kwa miaka mingi Lycoming imeufunga mshono huo kwa uzi wa hariri uliolazwa juu ya gundi nyembamba isiyokauka, na bado injini zimefungwa hivyo. Ukiona oili kwenye mshono, omba Mungu iwe inatoka kwingine. Kuuziba kwa gundi ya nje ni kujidanganya, na kuurekebisha ipasavyo ni kuitenganisha injini nzima.

Nimekwisha kusema kiasi hakiniogopeshi sana. Mahali ndipo panapoogopesha. Kifuniko cha valvu kinachodondosha tone kila saa ni kero. Kiandikwe, kishughulikiwe ukaguzi ujao. Unyevu mdogo kabisa kwenye kitako cha silinda, pale inapokutana na kasha, unaweza kuwa pete ya mpira iliyochoka, lakini pia unaweza kumaanisha nati za silinda zimelegea au bolti inaanza kukatika. Silinda zimewahi kung'oka angani kwa njia hiyo. Vivyo hivyo mstari mwembamba unaotoka kwenye chuma chenyewe, mbali na kiungo chochote: huo ni ufa. Kasha za Continental IO-520, injini ya Cessna 206 na 210 nyingi zilizofanya kazi Afrika Mashariki, zilijulikana kwa nyufa, na ufa wa kasha mara nyingi hujitangaza kwa oili kabla haujaonekana kwa macho. Kisha kuna oili yoyote inayoweza kufikia mabomba ya ekzosi, ambayo ndani yake gesi hupita nyuzi 700 za Selsiasi. Ndege ya namna hiyo haisogei, hata kama abiria wameshapanda na mizigo imefungwa.

Rangi nayo isisahaulike. Si kila unyevu ni oili ya injini. Doa la buluu ni petroli ya ndege, ambayo hutiwa rangi hiyo makusudi, na doa hilo linatisha kuliko oili. Wekundu karibu na magurudumu ni mafuta ya breki. Lakini wekundu kwenye kitovu cha propela ni habari nyingine: McCauley ilijaza oili nyekundu ndani ya vitovu vya baadhi ya propela zake, kusudi kitovu kikipata ufa rangi itoke na kuonekana. Hiyo ni oili iliyowekwa ili ivuje. Anayeifuta kwa tambara na kuendelea na safari ameifuta barua aliyoandikiwa yeye.

Injini za zamani za nyota, zile za silinda zilizopangwa kwa duara kama Pratt & Whitney R-1830 za DC-3 ambazo East African Airways ilizirusha, zilikuwa na sheria tofauti kabisa. Mafundi wake walitania kwamba isipovuja ujue imekwisha oili. Utani huo ulikuwa na ukweli wa kutosha kuwazoesha watu vibaya. Zikilala, oili ilichuruzika hadi kwenye silinda za chini na kujaa juu ya pistoni. Aliyewasha bila kwanza kuizungusha propela kwa mkono aliweza kupinda fito ya pistoni, kwa kuwa oili haibanwi. Oili iliyokwenda kusikotakiwa ilikuwa ndani, wala haikuonekana sakafuni.

Turbini ni safi zaidi, na kwa hiyo hudanganya kwa ustadi zaidi. PT6A inayoendesha Cessna Caravan, ndege inayowapeleka watalii Mara, Serengeti na Zanzibar kila siku, haizuii oili kwenye beringi zake kwa mpira tu. Inatumia sili zenye mifereji myembamba inayosukumiwa hewa ya kompresa, na hewa hiyo ndiyo inayoirudisha oili ndani. Injini inapozimwa hewa inakoma, na oili inahama kutoka kwenye tangi kwenda sehemu za chini. Anayepima asubuhi, injini ikiwa baridi, anakuta kiwango kimeshuka. Anaongeza. Injini inapowaka oili yote inarudi, inazidi, na ziada inatupwa nje. Jioni tumbo limelowa, asubuhi kipimo kiko chini tena, na ripoti inaandikwa kwamba injini inavuja. Maelekezo ni kupima muda mfupi baada ya kuzima, na karakana nyingi zinazoletewa Caravan "inayovuja" huanza kwa kuuliza nani anapima na saa ngapi.

Kwenye turbini pua pia ni chombo. Harufu ya oili iliyoungua ndani ya kabini, hasa joto la abiria linapofunguliwa, inaelekeza kwenye sili za upande wa kompresa, kwa sababu hewa ya kabini inachotwa huko. Oili kwenye mabomba ya moshi inaelekeza kwingine, upande wa turbini. Na kwenye ndege kubwa kila kifaa kinachozungushwa na giaboksi kina mrija wake mdogo wa kumwaga kinachopenya sili yake. Mirija ikikutana kwenye mdomo mmoja chini ya injini, tone haliwezi kusema ni la nani. Fundi anaitenganisha, anafunga kichupa kwenye kila mrija, injini inaendeshwa, kisha anasoma vichupa. Kitabu cha matengenezo kinampa mpaka kwa matone: mangapi kwa dakika yanaruhusiwa kutoka wapi, na mangapi yanaizuia ndege kuruka.

Kutotazama kuna gharama yake. Tarehe 5 Mei 1983, Lockheed L-1011 ya Eastern Air Lines iliondoka Miami kwenda Nassau, Bahamas, ikiwa na abiria 162 na wafanyakazi 10. Ilikuwa na injini tatu za Rolls-Royce RB211. Kabla ya safari, katika matengenezo ya usiku, mafundi walikuwa wamebadilisha katika injini zote tatu kile kifaa cha sumaku kinachochomekwa kwenye mfumo wa oili ili kinase chembe za chuma. Walizoea kuvipokea vifaa hivyo vikiwa tayari na pete zake za mpira. Usiku huo vilitoka stoo bila pete, na hakuna aliyetazama. Injini zikazungushwa kwa starta kwa sekunde chache, pakatazamwa, pakaonekana pakavu, karatasi ikasainiwa.

Ikiteremka kuelekea Nassau, taa ya shinikizo la oili la injini ya katikati iliwaka. Marubani waliizima injini hiyo na kugeuza kurudi Miami. Punde vipimo vya oili vya injini zote vikasoma sifuri. Walivishuku vipimo, na mtu yeyote angevishuku: injini tatu zilizo mbalimbali zinawezaje kuvuja kwa pamoja? Ya tatu ikazimika, kisha ya kwanza. Ndege ile ikashuka bila injini juu ya bahari, abiria wamevaa maboya, hadi karibu futi 4,000, ndipo injini ya katikati, iliyozimwa mapema na hivyo kubakiwa na uhai kidogo, ikakubali kuwaka tena. Walitua Miami kwa injini hiyo moja. Bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri iliwalaumu mafundi kwa kuruka utaratibu, lakini ikaendelea juu zaidi: wasimamizi waliokuwa hawasisitizi utaratibu, na uongozi ambao ulikuwa umeona matukio ya namna hiyo siku za nyuma bila kuyapa uzito.

Karibu miaka 12 baadaye, Februari 1995, Boeing 737 ya British Midland ilipoteza karibu oili yote ya injini zake mbili juu ya Uingereza na kutua Luton. Usiku uliotangulia ukaguzi wa ndani ya injini ulifanyika na vifuniko viwili havikurudishwa. Injini hazikuwashwa kutazama kama zinavuja. Kwa ndege za injini mbili zinazovuka bahari, siku hizi kwa kawaida hairuhusiwi fundi mmoja kufanya kazi ileile kwenye injini zote mbili katika awamu moja ya matengenezo.

Na pale chanzo kinapokuwa mahali ambapo hakuna tochi inayofika? Tarehe 4 Novemba 2010, Airbus A380 ya Qantas iliyotoka Singapore na watu 469 ilipasukiwa na injini yake ya pili juu ya kisiwa cha Batam, Indonesia. Wachunguzi wa Australia walifuata safari ya oili kinyumenyume, kutoka diski ya turbini iliyovunjika, hadi moto uliowaka ndani ya injini, hadi kibomba kifupi cha kupeleka oili kwenye beringi. Kiwandani tundu ndani ya kibomba hicho lilitobolewa likiwa limeenda upande, ukuta ukabaki mwembamba upande mmoja, chuma kikachoka na kupata ufa. Oili ilinyunyizika mahali penye joto kali mno. Hakuna tone lililomfikia mtu yeyote wa kulipangusa. Ndege ilitua salama Singapore, na injini nyingine za aina hiyo zilikaguliwa vibomba vyake duniani kote.

Kwa mwenye ndege anayesoma haya, neno langu ni la fedha. Wateja wetu hulipia spea bila kunung'unika, kwa kuwa wanaishika mkononi. Hulalamikia saa za kutazama. Fundi anayekubadilishia gasketi sita kwa kubahatisha atakupa kisanduku cha gasketi kuukuu na utaona umehudumiwa. Atakayekaa asubuhi nzima na tochi, unga mweupe na kioo chake, kisha akabadilisha kipande cha mpira chenye urefu wa kidole, utamuona kama amekaa bure. Huyo wa pili akikuletea ankara ya saa nne za kutafuta na mpira mmoja, ilipe.